Matusi Niliyoyatia Saini

Watu wanne walimnyima mtoto yule nafasi yake. Majina siandiki, kwa sababu watatu wamekwisha kufa na watoto wao nakutana nao sokoni, wananisalimu vizuri. Lakini kazi zao nitazitaja, na aliyeishi Lubumbashi, katika kambi yetu ya wafanyakazi wa kampuni, miaka ile ya shaba atawatambua bila msaada: shefu, yaani mkuu, wa michezo, kocha, na karani. Wa nne ni mimi. Wao wamelala. Mimi ndiye niliyebaki wa kuulizwa, na kwa kuwa hakuna anayeuliza, naandika.

Shule yangu ilikomea darasa la tatu kwa mapadri. Kifaransa changu kilikuwa cha kazini: leta, inua, acha, upesi. Nilikuwa mtu wa fonderi, pale shaba inapoyeyushwa, chini ya bomba refu la moshi. Kabla ya hapo nilicheza beki wa kushoto katika timu ya kampuni, hadi siku goti lilipogeuka likatazama upande lisikotakiwa. Kampuni haikunifukuza. Ilinirudisha kwenye moto, na kila kiangazi, shule zikifungwa, ilinitoa motoni kidogo ili niketi katika komite ya kuchagua vijana.

Vijana walitoka kambi zote, wengine waliletwa na lori kutoka Kipushi wakiwa wekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Walikuja wengi kama mchwa, na nafasi zilikuwa nne. Aliyechaguliwa hakupata mpira tu. Alipata kontra, yaani mkataba wa kazi, katika atelie ya mafundi, sahani yake katika kantini ya timu, na jina lake likaandikwa kambini kama mtu mzima. Kwa hiyo mama zao walisali novena za siku tisa, na baba zao walipunguza miaka ya watoto. Kocha alikuwa akiwafungua midomo kama mtu anayenunua ng'ombe, anahesabu magego, halafu anapaza sauti: "Huyu banamwandika miaka kumi na sita, kumbe iko na bajukulu nyumbani!" Uwanja mzima ukacheka, na mtoto akaenda kando kulia.

Yeye kocha alitazama mpira. Mimi nilitazama wasiokuwa na mpira. Nilitaka kuona kichwa cha mtoto kinageuka mara ngapi kabla mpira haujamfikia, maana anayetazama baada ya kuupata amekwisha chelewa. Nilitaka kumwona amenyang'anywa. Je, anashika kiuno? Anamtazama refa? Au anarudi mbio na hasira yake akiwa ameifunga mdomo? Na nilidai nusu ya kwanza wacheze miguu mitupu wote, kwa sababu kiatu cha kuazima kinamfanya fundi aonekane mlevi. Katika kazi hii sikudanganywa mara nyingi. Nasema hivyo bila aibu, kwa kuwa aibu nimeitunzia mambo mengine.

Nyumba ya pili kutoka kwangu aliishi mama mmoja wa ukoo wa chui. Mimi ni wa ukoo wa mbuzi, kwa upande wa mama, kama sisi tunavyohesabu. Chui na mbuzi ni watani tangu mababu. Wazee waliita jambo hilo bunungwe. Maana yake ni kwamba mimi na yeye tulikuwa na ruhusa, na zaidi ya ruhusa, tulikuwa na wajibu wa kutukanana. Asubuhi nikipita na kopo langu la chakula kwenda zamu, alikuwa tayari mlangoni na ufagio.

"Iko anapita! Angalieni vile mbuzi anachechemea. Leo kuko kitoweo!"

"Nyamaza, mama wa makucha. Bwana yako alikutoa porini na kamba."

"Na wewe mama yako alikuzaa kwa zizi, ukalia mee!"

Niliingia kwake bila kubisha hodi, nikafunua sufuria, nikachukua samaki mkubwa kuliko wote, nikaondoka nikimwambia amepika vibaya. Alinirushia sandali. Ndivyo tulivyopendana, kama ni neno linalofaa, na mke wangu alicheka nasi. Bwana yake alipokufa kwa kifua, kifua kile kilichowaua wengi wa zamu yetu, mimi ndiye niliyeingia msibani nikajilaza mkekani karibu na mjane, nikapiga kelele: "Rafiki yangu, umekimbia! Umeniachia huu mdomo peke yangu!" Kila mtu alikuwa analia. Yeye akacheka huku machozi yakimtiririka, akanipiga kofi la mgongo, na baada ya hapo aliweza kunywa uji. Mtani ana kazi yake.

Lakini kambi ilikuwa na sheria yake pia. Nyumba ni ya mfanyakazi. Mfanyakazi akifa, mjane anapewa muda wa kulia, halafu anatoka, isipokuwa kama ana mtoto wa kiume mwenye kontra ya kampuni. Mama yule alikuwa na binti wawili wadogo na kijana mmoja wa miaka kumi na saba. Mkuu wa kambi alimwambia hivi: kiangazi kikiisha, kijana awe na kontra au ufunguo urudi. Kijana hakuwa na diploma. Alikuwa na mguu wa kushoto.

Nao ulikuwa mguu. Nilimwona tangu akiwa mdogo, akipiga mpira wa matambara ukutani kwangu hadi chokaa ikabanduka. Alikuwa na kichwa kinachogeuka. Nilijua, kama ninavyojua rangi ya shaba iliyoiva, kwamba mwaka ule kati ya wanne yeye ni wa kwanza.

Mwaka ule ule walituletea karani mpya. Alitoka mbali, upande wa mji mkuu, kijana safi, suti yake ya abakosti imepigwa pasi, beji ya chama kifuani. Kiswahili chetu alikuwa amekisikia miezi michache tu. Sitaki kusema alikuwa mbaya. Zamani, sisi wa komite tulitazama mchezo kimya, halafu tukaingia chumba cha kubadilishia nguo, tukafunga mlango, tukabishana hadi tukakubaliana. Hakuna kilichoandikwa ila majina manne. Shefu wa michezo akasema huo ni ushamba, akasema sasa tutakuwa na fishi, karatasi ya maelezo, kwa kila mtoto, na karani atakaa nasi pembeni mwa uwanja aandike kila neno ambalo mjumbe anasema juu ya kila namba.

Kijana alivaa namba saba. Mama yake alikuja na beseni la mikate, akaketi kwenye mstari, hatua kumi kutoka benchi letu.

Hapa ndipo mtu wa mbali anapopotea, na karani alikuwa mtu wa mbali. Mtani hasifu. Mtani akikusifu mbele za watu, watu wanashika vifua, wanasema huyu amemtakia mwenzake kifo. Kwa hiyo kadiri mtoto yule alivyocheza vizuri, ndivyo nilivyozidisha. Alimpita beki wa kwanza, nikasimama.

"We mama! Huyu njo chui? Miguu kama bijiti ya ufagio!"

"Kaa chini, mbuzi!" akanijibu bila kugeuka. "Ungekuwa na miguu, ungekuwa unacheza, haungekuwa unahesabu batoto ya bengine."

Alimpita wa pili, akapiga krosi iliyoanguka pale ilipotakiwa kama yai kwenye kiota.

"Muoga! Muangalie vile anakimbia mupira! Ni muoga kama bajomba yake yote!"

"Muchunge. Akimaliza na bale, atakutafuna na pembe."

"Bamuchukue ya nini? Atakula sufuria ya timu yote, bengine bacheze na njaa!"

Uwanja ulianguka kwa vicheko. Watu wa kambi walielewa. Mzee mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake wazi: "Ule amekwisha ingia. Mbuzi anamutukana sana." Nami niligeuka, nikamwona karani ameinamia karatasi yake, kalamu inakimbia. Moyo wangu ukafurahi. Nilifikiri anaandika krosi ile. Nikamgusa bega, nikamwambia, "Andika, mwana. Andika muzuri."

Maneno hayo niliyasema mimi.

Mchezo ulipokwisha tuliingia biro, yaani ofisi, ya michezo. Karani akasoma fishi moja baada ya nyingine kwa Kifaransa, upesi upesi, kama padri aliyechelewa misa ya pili. Nilishika namba tu. Alipofika saba alisoma mistari mingi kuliko kwa wengine, nikajisikia vizuri. Kocha, ambaye Kifaransa alikijua, alinitazama. Kisha akatazama viatu vyake. Hilo niliona kwa macho yangu, na sikuliuliza.

"D'accord?" akasema shefu, yaani tumekubaliana?

"D'accord," tukasema.

Karatasi zikapita. Saini yangu nilikuwa nimejifunza mwaka uliotangulia, katika masomo ya watu wazima, na niliipenda. Ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma na kukata jina katikati. Niliiweka kila mahali karani alipoweka kidole. Tulipotoka nilimwambia kocha, "Saba njo wa kwanza. Hata mutoto ya juzi anaona."

"Eeh," akasema. "Tutaona."

Jumatatu orodha ilibandikwa mlangoni. Zilikuwa namba nne. Saba haikuwamo. Wa nne alikuwa mtoto wa dada ya mke wa shefu wa michezo, kijana mmoja mnene wa mapaja, ambaye kila aliponyang'anywa mpira alishika kiuno. Nilisimama pale nikaisoma tena na tena, maana namba angalau nilijua kusoma.

Niliingia biro na nguo za fonderi. Karani akanipokea kwa heshima, akatoa fishi, akanitafsiria polepole kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Miguu dhaifu. Mwoga, na woga ni wa ukoo. Mlafi, atavuruga kantini. Hafai kuchukuliwa. Mjumbe aliyesema: mimi. Chini yake mkia mrefu wa saini yangu.

"Ile ni utani!" nikasema. "Ni mutani wangu! Ni bunungwe!"

"Papa, mi naandikaka ile muntu anasema."

"Namupenda ule mutoto!"

"Unamupenda, unasema ni muoga?" Alishangaa kwelikweli. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeambiwa kwamba huku kwetu maji yanapanda mlima. "Kama unamupenda, sasa unamutukana ju ya nini mbele ya bantu bote?"

Nilimweleza chui na mbuzi. Nilimweleza msiba. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo maneno yalivyokuwa ya kitoto mdomoni mwangu, na shefu wa michezo akatoka chumba cha ndani akiwa na kikombe chake cha kahawa.

"Citoyen," akaniita, yaani raia, "hapa tunafanya kazi na makaratasi. Ulisoma, ulisaini."

"Sikusoma, shefu."

"Basi hilo ndilo kosa lingine. Unataka niandike juu, kwa wakubwa wa direksheni, kwamba komite ya kampuni ni ya wachekeshaji?"

Huyo alijua. Alizaliwa hapa, kwenye udongo huu huu mwekundu, mama yake alizikwa na watani wakicheza juu ya kaburi. Alijua vizuri kabisa mbuzi anachomwambia chui. Alikuta mlango umefunguliwa na mjinga, akampitisha mtoto wa shemeji yake. Namweka wa kwanza katika orodha yangu, na hata kaburini nadhani angali anashika kikombe.

Kocha nilimkuta bombani ananawa miguu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Sasa mbona haukusema?"

Akafunga bomba, akakung'uta mguu mmoja, halafu wa pili. "Na wewe mbona haukuuliza?"

Nilitaka kumpiga. Nikachukua kopo langu la chakula, nikaondoka.

Siku ile sikwenda nyumba ya pili. Nilipitia nyuma, kwenye vyoo, ili nisionwe. Kesho yake kijana alinikuta njiani natoka zamu. Alikuwa amekwenda mwenyewe kuuliza, wakamsomea.

"Baba, ulisemaka vile?"

"Nilisema. Lakini unajua vile nilisema. Ulisikia, ulikuwa unacheka."

"Najua. Bote tunajua." Alikuwa na sauti ya upole, na nilitamani awe na ukali. "Lakini ile ya biro? Kule haukuwa unacheza. Balikuuliza, ukasema d'accord."

Hakusubiri. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nafurahia mkia wa jina langu?

Nilijaribu. Nilikwenda kwa mkuu wa kambi, nilikwenda kwa katibu wa chama wa kambi, aliyenisikiliza akinipa upande wa uso tu. Nilimwomba shefu wa fonderi amchukue kijana kama msaidizi, akasema asubiri mwaka. Kiangazi hakikusubiri. Mawingu ya kwanza yalipoonekana, lori lilisimama mbele ya nyumba ya pili kuwapeleka Kipushi, kwa kaka yake mama.

Nilikwenda kusaidia. Nilibeba kitanda, nilibeba meza, nilibeba magunia ya makaa. Majirani walikuwa wamesimama. Mama alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, ananitazama nikipita na kurudi, kupita na kurudi. Alikuwa anangoja. Leo najua alikuwa anangoja. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama mbele ya lori lile na kupaza sauti: "Chui wanafukuzwa! Sasa mbuzi tutalala usingizi!" Neno moja la namna hiyo, hata baya kiasi gani. Angenirushia sandali, majirani wangecheka na kulia, na kila nililosema uwanjani lingebaki mahali pake, katika utani.

Nami niliona haya. Nilifunga mdomo. Nilibeba vitu vyake kwa heshima, nikamwambia "Pole, mama," kwa sauti ya chini, kama mtu wa serikali.

Akainamisha kichwa. Na nafikiri ni hapo, si uwanjani wala biro, ndipo maneno yangu yalipogeuka kuwa kweli. Mtu mwenye utani angetania. Aliyenyamaza alikuwa amemaanisha.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kipushi. Nilichukua lori asubuhi, nikaulizauliza hadi nikaonyeshwa nyumba, ya matofali mabichi, karibu na njia wanayopita watu wa mipakani na mizigo yao. Njia nzima nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa na matusi kumi na mawili kichwani, mengine mapya kabisa. Nilifika mlangoni, sikubisha hodi, nikaingia nikipiga kelele:

"Wapi huyu chui mzee aliyeishiwa meno? Nasikia Kipushi yote kuku zinalala salama!"

Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akainuka. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akakunja magoti kidogo, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameushika kwenye kiwiko.

"Karibu, baba. Karibu sana. Binti, leta kiti."

Kililetwa kiti. Kilipanguswa. Niliketi. Niliambiwa habari za nyumbani, nikaulizwa habari za mke wangu, goti langu, kazi. Nikasema tena jambo, sijui lipi, juu ya sombe yake kunuka kama makwapa ya babu yake. Binti alinitazama kwa mshangao. Mama akasema, "Utusamehe, baba, hatukujua kuko mugeni. Tungetafuta nyama."

Niliuliza kuhusu kijana. Alikuwa amevuka mpaka na wachuuzi mwanzoni mwa mwaka, kwenda upande wa Zambia, kutafuta timu au mgodi, chochote kitakachotangulia. Barua haijaja. Aliyesema amemwona alisema anabeba magunia sokoni, mwingine akasema hapana, siye. Alinieleza hayo kwa utulivu, kama mtu anavyomweleza mgeni wa kanisa.

"Mama," nikasema, "nitukane."

"Nikutukane ya nini, baba?"

"Unajua."

Alifikiri. Naapa alifikiri, vidole vyake vimesimama juu ya majani. Kama alikuwa akilitafuta neno, hakulipata. "Mi sina neno na wewe," akasema. "Kula kwanza."

Chakula kililetwa kimefunikwa kwa kitambaa. Maji ya kunawa yalimiminwa na binti aliyepiga magoti. Bukari, yaani ugali, sombe, samaki wawili, na mkubwa alielekezwa upande wangu. Nilikula wote. Nilishukuru. Jua lilipoanza kushuka alinisindikiza hadi njia kuu, hatua mbili nyuma yangu, na watu tuliokutana nao walipouliza huyu ni nani, aliwajibu, "Ni mugeni, alitoka Lubumbashi." Lori lilikawia. Nilimwambia arudi, kuna baridi. Akakataa, akasema si desturi kumwacha mgeni barabarani. Akasimama pale na mikono yake mbele mpaka nilipopanda, na hata lori lilipoondoka hakupunga mkono, kwa sababu mwanamke mwenye adabu hampungii mkono mwanamume mgeni.